Seyyid Khalid bin Barghash: Siku Mbili Kitini, Umri Mzima Ugenini

Mwaka wa 1927 alifariki mjini Mombasa bwana mmoja wa Kiarabu, umri wake miaka 53. Alikuwa amefika hapa baada ya uhamisho mrefu uliompitisha Dar es Salaam, St. Helena na Shelisheli. Hakuacha kiti wala mji aliokuwa akiutawala. Lakini miaka 31 nyuma, alasiri ya Jumanne moja, mtu huyu alipigiwa mizinga ya heshima mbele ya kasri la Unguja na kutangazwa kuwa Seyyid wa visiwa na wa pwani yetu hii. Alhamisi yake, kabla jua halijawa kali, kasri lilikuwa likiwaka moto, mamia ya watu walikuwa maiti na majeruhi, naye alikuwa mkimbizi nyumbani kwa balozi wa Kijerumani.

Bwana huyo ni Seyyid Khalid, mwana wa Seyyid Barghash bin Said.

Vitabu vingi vya Wazungu humtaja Khalid kwa mistari michache, na mara nyingi kwa mzaha. Husema kwamba vita vyake na Waingereza ndivyo vifupi kuliko vyote vilivyoandikwa katika historia ya dunia; wengine huvihesabu dakika 38, wengine 45. Msomaji wa mbali hucheka, akafunua ukurasa mwingine. Lakini sisi watu wa pwani, ambao babu zetu waliishi chini ya bendera ile ile nyekundu, yatupasa kutazama zaidi ya saa ya ukutani. Je, Khalid alikuwa mnyakuzi wa kiti kisichokuwa chake, au alikuwa mrithi aliyedhulumiwa? Ili kupata jibu hatuna budi kuanza na baba yake.

Seyyid Said bin Sultan, babu yake Khalid, alifariki baharini mwaka wa 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa njiani kutoka Maskati kurudi Unguja. Barghash, mwanawe, alikuwa naye katika merikebu hiyo. Walipofika Unguja, Barghash alijaribu kuushika mji kabla habari za msiba hazijaenea, asifaulu. Ndugu yake Majid ndiye aliyekaa kitini. Mwaka wa 1859 Barghash akajaribu tena. Alikusanya wafuasi, na dada yake Bibi Salme alikuwa miongoni mwa waliomsaidia, akajiimarisha katika shamba moja lililoitwa Marseilles. Majid alipata msaada wa wanamaji wa Kiingereza, na Barghash akasalimu amri. Alipelekwa Bombay, akakaa huko kama miaka miwili, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani. Majid alipofariki mwaka wa 1870, kiti kikamfikia Barghash, naye akakikalia mpaka kufa kwake mwaka wa 1888.

Basi tazama jinsi mambo yalivyokuwa. Mtu aliyejaribu mara mbili kukitwaa kiti kwa nguvu, akashindwa, akahamishwa, ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa watawala wanaokumbukwa zaidi Unguja. Ndiye aliyeleta maji safi mjini kutoka chemchemi za mbali. Ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka wa 1883. Hakuna aliyemwita mnyakuzi alipokuwa amekwisha kukaa kitini.

Wala tusistaajabu. Katika ukoo wa Busaidi hapakuwa na sheria iliyoandikwa ya kusema kwamba mwana wa kwanza ndiye mrithi wa baba yake. Aliyekitaka kiti alihitaji mambo matatu: awe wa nyumba hiyo, akubaliwe na wakubwa wa ukoo na wa mji, na awe na mkono wa kukishika. Mwenye kuyapata hayo matatu alikuwa Seyyid.

Khalid alizaliwa mwaka wa 1874, baba yake akiwa katika enzi. Alikulia katika nyumba ambamo kisa cha Marseilles na cha Bombay havikuwa hadithi za kale bali mambo ya baba mwenyewe. Lakini kijana huyo alipokuwa akikua, ufalme ulikuwa ukipungua. Mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakaipima nchi bila ya mwenyewe kuwapo, wakamwachia Barghash visiwa na ukanda wa maili 10 tu kutoka maji, pamoja na miji michache ya Banadiri. Mwaka wa 1887 Barghash aliikodisha pwani yetu hii, toka Umba mpaka Kipini, kwa chama cha wafanyi biashara wa Kiingereza. Mwaka wa 1888 akafariki, na kijana wake alikuwa na miaka 14.

Kiti kilishikwa na ami yake Khalid, Seyyid Khalifa, kisha na ami mwingine, Seyyid Ali, wa mwisho katika wana wa Seyyid Said kutawala. Ni katika siku za Seyyid Ali, mwaka wa 1890, ndipo Unguja ilipoingia chini ya himaya ya Uingereza, na Wajerumani wakainunua moja kwa moja pwani ya Mrima kwa mark milioni 4. Na katika mapatano ya mwaka huo kulikuwa na jambo moja ambalo huenda watu wa mjini hawakulitia maanani sana: kwamba yeyote atakayekalia kiti lazima kwanza akubaliwe na balozi wa Kiingereza. Mwaka uliofuata ikaundwa serikali yenye Waziri Mkuu Mwingereza, Lloyd Mathews, na hazina ya nchi ikatoka mikononi mwa Seyyid.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa chetu. Yale mambo matatu ya zamani yaliongezewa la nne, na hilo la nne likayafuta yote yaliyotangulia. Mlango ambao Barghash aliupiga mpaka ukafunguka sasa ulikuwa na kufuli, na ufunguo wake haukuwa kwa ukoo wala kwa wazee wa mji.

Khalid aliujaribu mlango huo mara ya kwanza mwezi wa Machi 1893. Seyyid Ali alipofariki, kijana huyo wa miaka 19 aliingia kasrini akitaka kukalia kiti cha baba yake. Balozi wa Kiingereza alimwonya, akamtaka atoke, naye akatoka. Waingereza wakamweka Seyyid Hamad bin Thuwaini, mtoto wa ami yake Khalid, aliyetoka upande wa Omani. Khalid hakufanywa neno. Pengine wakubwa waliona ni utoto tu, ukipita umepita.

Haukupita. Katika miaka mitatu ya Seyyid Hamad, chuki iliendelea kuchemka chini kwa chini. Hamad mwenyewe, aliyewekwa na Waingereza, alianza kujikusanyia askari wake wa kasrini, na jambo hilo liliwatia wasiwasi mabalozi. Huku bara, kampuni ya Kiingereza ilishindwa na kazi, na mwaka wa 1895 Serikali ya Uingereza yenyewe ikaishika pwani yetu. Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gazi, alipigana nao miezi mingi katika nchi ya Wadigo na Waduruma, mpaka mwezi wa Aprili 1896 alipovuka mpaka na watu wake kwenda kujisalimisha kwa Wajerumani. Kwa hivyo Khalid alipokuwa akiwaza, mfano wa Mbaruk ulikuwa mbele yake: kwamba Mwingereza hashindiki kwa urahisi, lakini pia kwamba kwa Mjerumani kuna mahali pa kukimbilia.

Tarehe 25 Agosti 1896, siku ya Jumanne, mwezi wa Mfungo Sita, Seyyid Hamad alifariki ghafla kabla ya adhuhuri. Palizuka uvumi kuwa amelishwa sumu, na wapo waliomnyoshea Khalid kidole. Jambo hilo halikuthibitishwa, na lisilothibitishwa si haki kumtwika maiti. Lililo wazi ni kwamba Khalid hakungoja. Aliingia kasrini mara moja na wafuasi wake. Mathews na balozi aliyekuwapo, Basil Cave, walimwendea kumwonya kama alivyoonywa mwaka wa 1893. Safari hii hakutoka. Hamad alizikwa siku ile ile, na mara baada ya mazishi mizinga ya kasri ikalia kumtangaza Khalid.

Waliokusanyika kumlinda wakafikia watu wapatao 2,800: askari wa kasri, watumishi, watumwa na raia wa mjini. Walikuwa na bunduki, na bunduki za rashasha kadhaa, na mizinga michache, miwili kati yake zawadi ya mfalme wa Ujerumani. Bandarini walikuwa na meli moja, Glasgow, ambayo Seyyid Barghash aliagiza aundiwe Uingereza kwa mfano wa manowari ya Kiingereza yenye jina hilo hilo. Upande wa pili zilijipanga manowari tano chini ya Amiri Harry Rawson, na nchi kavu wanamaji wa Kiingereza pamoja na askari wa Unguja kiasi cha 900 walioongozwa na maofisa wa Kiingereza. Ndiyo kusema, mwenyeji alisimama kuelekeana na mwenyeji.

Cave alipiga simu London kuomba ruhusa, akapewa. Jumatano Khalid aliletewa amri ya mwisho: ateremshe bendera na atoke kasrini kabla ya saa tatu asubuhi ya Alhamisi, au atapigwa mizinga. Wanawake na watoto wa Kizungu walipandishwa melini. Usiku ule mji ulinyamaza. Ngoma na vilio vya kila siku havikusikika.

Asubuhi Khalid alituma mjumbe kutaka mazungumzo, lakini akaeleza pia kwamba hana nia ya kuteremsha bendera, na kwamba haamini kuwa watampiga. Maneno hayo ya mwisho yanastahili kuzingatiwa. Mwaka wa 1873 baba yake alitishwa kwa manowari hizo hizo ili atie sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, na baada ya kukataa kwa muda aliinama, akatia sahihi. Barghash aliijua nguvu ya Mwingereza kwa sababu aliionja Marseilles. Khalid hakuwa ameionja. Mwaka wa 1893 alionywa akatoka, na hakuna risasi iliyolia. Labda alidhani kuwa onyo ni onyo tu.

Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Kasri la Beit al-Sahel na jengo la Beit al-Hukm yalikuwa na mbao nyingi, na ndani mlikuwa na umati wa watu. Moto ukashika mara moja. Mizinga ya Khalid iling'olewa katika dakika za mwanzo. Glasgow, meli ya baba yake, ilithubutu kuwafyatulia Waingereza, nayo ikajibiwa mpaka ikazama pale pale bandarini. Mabaharia wake waliokolewa na mashua za hao hao waliowapiga. Ilipokaribia saa nne kasoro robo mambo yalikuwa yamekwisha, na bendera ya kasri imeanguka.

Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, wanaume kwa wanawake. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja, akapona.

Na Khalid? Kuna habari zisemazo kwamba alitoka mizinga ilipolia mara ya kwanza, akawaacha watumwa na watumishi wapigane. Nyingine zasema alikaa zaidi. Lililo hakika ni kwamba alifika kwa balozi wa Kijerumani na watu wake kama 40, na waliobaki kasrini wakabaki na moto. Hili ndilo doa ambalo hata mpenzi wake hawezi kulifuta. Mtu anaweza kuwa na haki ya kudai kiti, lakini wale waliosimama dirishani na bunduki za zamani mbele ya manowari tano hawakuwa na kimbilio kwa balozi yeyote.

Tuseme na lingine, maana ukweli haugawanyiki. Wapo wanaomfanya Khalid kuwa shujaa wa kupigania uhuru. Kwamba alisimama dhidi ya amri ya mgeni, hilo ni kweli. Lakini mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa, na wengi wa mabwana waliokichukia kiti kilichokaliwa kwa idhini ya Mwingereza waliogopa pia kupoteza watumwa wao. Seyyid Hamoud bin Mohammed, aliyewekwa kitini alasiri ya siku ile ile ya vita, ndiye aliyeondoa hukumu ya utumwa visiwani mwezi wa Aprili 1897. Mtumwa aliyekufa kasrini akimlinda Khalid alikufa miezi michache tu kabla ya amri hiyo. Waingereza nao hawakuja kwa ajili ya mtumwa huyo. Walikuja kuhakikisha kwamba mwenye kiti ni mtu waliyemchagua wao. Na hesabu ya vita waliwaletea walioshindwa: wafuasi wa Khalid walitozwa gharama ya mabomu yaliyowapiga, pamoja na hasara ya maduka yaliyoporwa, jumla rupia 300,000.

Waingereza walimtaka Khalid, Wajerumani wakakataa kumtoa, kwa kuwa mapatano yao hayakumhusu mkimbizi wa siasa. Askari wakawekwa nje ya nyumba ya balozi kumkamata mara akanyagapo ardhi ya Unguja. Hakuikanyaga. Tarehe 2 Oktoba, bahari ilipojaa mpaka langoni mwa bustani, mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler ilikuja hadi hapo langoni, Khalid akatoka uwanjani mwa balozi akaingia mashuani, akapelekwa Dar es Salaam.

Mji huo ulianzishwa na ami yake, Seyyid Majid. Sasa mtoto wa Barghash akawa mgeni humo, katika nchi ambayo zamani ilikuwa ya nyumba yao, akila chumvi ya Mjerumani. Katika mji huo huo alikuwapo Mbaruk bin Rashid, naye mkimbizi, mpaka alipofariki mwaka wa 1910. Ukoo wa Mazrui na ukoo wa Busaidi, waliogombania Mombasa kwa karne nzima, wakakutana chini ya paa moja la kuazima.

Kimbilio la kuazima hudumu kadiri mwenye nyumba alivyo na nguvu. Vita Vikuu vya mwaka 1914 vilipofika Afrika Mashariki, na Waingereza wakaitwaa Dar es Salaam mwaka wa 1916, Khalid hatimaye aliwaangukia mikononi. Hawakuwa wamemsahau. Walimpeleka St. Helena, kisiwa alikofia Napoleon, na Shelisheli, walikokwisha kuwapeleka Mwanga wa Buganda, Kabarega wa Bunyoro na Prempeh wa Ashanti. Hivyo akafika katika bahari ile ile ambayo babu yake Seyyid Said alifia akiwa safarini kurudi kitini mwake.

Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki. Barghash alikaa Bombay miaka miwili, akarudi, akawa Seyyid. Mwanawe alirudi baada ya miaka mingi, kiti kikiwa na mwenyewe, Seyyid Khalifa bin Harub, aliyekuwa amekikalia tangu mwaka wa 1911 kwa amani na Waingereza. Ile njia ya baba ya kushindwa, kuhamishwa, kusubiri na kutawala haikuwapo tena.

Basi alikuwa mnyakuzi? Kwa sheria ya mwaka 1890, ndiyo. Kwa desturi ya nyumba yao, alifanya walichokifanya wengine kabla yake, na kama angefaulu tungemsoma leo kama tunavyomsoma baba yake. Kosa lake halikuwa kudai kiti. Kosa lake lilikuwa kutotambua kwamba zama zimebadilika, na kuwaachia wengine walipe bei ya kutotambua huko.

Milingoti ya Glasgow iliendelea kuchungulia majini bandarini Unguja hadi mwaka wa 1912, ndipo ikaondolewa. Beit al-Hukm haipo tena. Beit al-Ajaib ilisalimika siku ile, ikaja kuporomoka upande mmoja mwezi wa Desemba 2020. Na hapa Mombasa, siku Khalid alipofariki, bendera nyekundu ya nyumba yao ilikuwa bado ikipepea juu ya Ngome, juu ya mji ambao baba yake aliukodisha miaka 40 kabla ya hapo. Ngome yenyewe wakati huo ilikuwa jela ya Waingereza. Bendera hiyo iliteremshwa Desemba 1963.

Jina la Khalid limehifadhiwa, la baba yake limehifadhiwa, na la kila manowari iliyopiga limehifadhiwa. Wale 500 wa Alhamisi ile, wengi wao, hatuwajui hata majina. Mwenyezi Mungu Awajua wote, na Awarehemu.